Kompyuta ya mgodini nyumbani Bel-Air: kisa cha mashini iliyomkataa mwenyewe

Mwenye mashini ni mama mshonaji wa Bel-Air, Lubumbashi. Anashona sare za shule, na msimu wa harusi ukifika hapumziki. Hesabu zake zote, yaani madeni ya wateja, bei ya vitambaa na karatasi za kodi, zimo ndani ya kompyuta ya mkononi aliyoinunua ikiwa imetumika. Iliuzwa na kampuni moja ya huduma za migodi iliyokuwa ikiondoa vifaa vyake vya zamani. Mdogo wake anafanya kazi Kolwezi, kama kilometa 300 kwa barabara ya Likasi, na katika familia yeye ndiye anayejua hesabu. Mpango wao ulikuwa mwepesi: jioni, kazi ikiisha, mdogo aingie kwa mbali katika mashini ya yaya wake, yaani dada yake mkubwa, apange vitabu vya mwezi, atoke.

Alipokuja nyumbani kwa mapumziko wakajaribu kwanza sebuleni, mashini mbili kwenye Wi-Fi moja. Hilo lilikuwa wazo zuri, maana jambo lisilofanya kazi ndani ya nyumba halitafanya kazi kutoka Kolwezi. Ya mdogo ikaita, ya yaya ikaitika, dirisha la jina na neno la siri likatokea, kisha ikakataa. Mama akanipigia simu mimi, fundi wa kompyuta.

"Papa, hii mashini iko inasema mambo ya saa."

Na kweli ilikuwa inasema mambo ya saa. Windows yake ni ya Kifaransa, na ujumbe uliotokea unasema kwamba kuna kizuizi kwenye akaunti, "kwa mfano kizuizi cha saa", kinachomzuia mtu kuingia. Mdogo akatupa jicho kwenye kona ya skrini: saa iko nyuma kwa saa nzima. Mtu wa Lubumbashi haulizi mara mbili. Hiyo ni saa ya Kinshasa. Nchi yetu ina saa mbili, Kinshasa UTC+1 na huku kwetu UTC+2, na fundi anayesimika Windows akichagua jina la kwanza lenye harufu ya Afrika ya Kati, mashini inaishi Kinshasa hata ikiwa juu ya meza Bel-Air. Wakasogeza saa mbele kwa mkono. Ikakataa tena, kwa maneno yaleyale.

Kabla ya kuendelea niseme kuhusu hiyo saa, maana watu wengi huishia hapo. Kusogeza mishale kwa mkono huku ukanda wa saa ukibaki Kinshasa ni kuidanganya mashini mara mbili. Ndani yake Windows huhesabu saa ya dunia, kisha huongeza ukanda. Ukibadilisha mishale peke yake, saa ya dunia ndani ya mashini inakosewa kwa dakika 60, na siku intaneti itakapoirekebisha yenyewe, kona ya skrini itarudi Kinshasa. Kinachotakiwa ni kubadilisha ukanda: kwenye orodha ya Windows, Lubumbashi inaingia chini ya "Harare, Pretoria". Tulifanya hivyo, na ilikuwa sawa kufanya. Ila haikuwa na uhusiano wowote na kukataliwa.

Maneno ya ujumbe ule yalisema "kwa mfano". Windows ina kundi zima la vizuizi vya akaunti, na saa ni kimoja tu kati ya vizuizi hivyo. Ujumbe unakupa jina la kundi, kisha unataja mfano mmoja ambao mara nyingi siyo wako. Kwa nini usiseme ukweli wote? Kwa sababu anayesoma ujumbe huo amesimama nje ya mlango, na Windows haijui kama ni mdogo wa mwenye mashini au mwizi. Sababu kamili inaandikwa ndani, kwenye daftari la matukio ya usalama. Ndiyo maana mtu akiniletea kosa la kuingia kwa mbali, picha ya skrini iliyokataa hainisaidii sana. Naomba kuiona mashini iliyokataa.

Daftari hilo linafunguliwa kwa amri eventvwr.msc, na jaribio lililoshindwa hubeba namba 4625. Ndani ya tukio kuna msimbo wa hali, na huo msimbo hauna "kwa mfano". 0xC000006A ni neno la siri lililokosewa. 0xC0000064, jina hilo la mtumiaji halipo. 0xC000006F ndiyo saa yenyewe: akaunti imeruhusiwa kuingia saa fulani tu, na sasa siyo saa yake. Katika mashini ya mama tulikuta 0xC000006E, kizuizi cha akaunti kisichohusu saa. Kwa uhakika zaidi tuliandika amri net user na jina lake: saa zilizoruhusiwa, zote. Habari ya saa ikafungwa.

Hapo nilimuuliza mama swali moja. "Ukiiwasha, unaandika neno la siri?"

"Neno gani tena? Mashini ni ya kwangu, iko kwangu."

Basi. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, akaunti isiyo na neno la siri inaruhusiwa kuingia na mtu aliye mbele ya mashini tu. Anayekuja kwa mtandao hukataliwa hata kama jina ni sahihi na neno tupu nalo ni sahihi. Ni sera ya mfumo, yaani kanuni ya usalama, na iliwekwa makusudi kwa ajili ya watu kama mama: aliye nyumbani ana haki ya kukaa bila kufuli kwa sababu nyumba yenyewe ina mlango, lakini mtandao hauna mlango.

Mdogo alikuwa ameshapata dawa yake kwenye simu. Katika rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, chini ya tawi la Lsa, kuna thamani inayoitwa LimitBlankPasswordUse. Ukiigeuza kutoka 1 kwenda 0, kizuizi kinaondoka na mtu anaingia kwa mbali bila neno la siri. Ni kweli kabisa, inafanya kazi. Ndiyo maana inasambaa sana. Nilimkataza, na sababu yangu haikuwa hofu ya kugusa rejista, maana rejista tungeigusa baadaye bila wasiwasi. Sababu ni kwamba kila sera ina mtu aliyeiweka na mtu aliyewekewa, na kabla ya kuiondoa lazima uwajue wote wawili. Hii aliiweka mtengenezaji wa Windows ili kumlinda mwenye nyumba asiye na neno la siri. Mwenye nyumba huyo tulikuwa naye pale sebuleni, mkononi ana futi ya kupimia. Hakuna kilichobadilika. Sera ibaki, neno la siri liwekwe.

Mama hakupenda. Mikono yake ina kazi, hataki kuandika herufi kumi na nne kila anapotaka kuangalia deni la mteja. Windows inaruhusu akaunti ya kawaida ya ndani kuwa na PIN juu ya neno la siri, na PIN hiyo inafanya kazi kwenye mashini hiyo peke yake. Kwa hiyo yeye anaandika tarakimu zake, na anayetoka mbali lazima aandike neno refu, kwa kuwa Bureau à distance, huduma ya Windows ya kuingia kwa mbali, haipokei PIN. Akakubali.

Tukajaribu upya. Ujumbe mwingine, na huu ulimkasirisha mdogo kuliko wa kwanza: ili kuingia kwa mbali unahitaji haki ya kuingia kupitia huduma za Bureau à distance, kwa kawaida wasimamizi wa mashini wanayo haki hiyo, kama huna, muombe msimamizi akupe. Msimamizi wa mashini ni mama. Aliyekataliwa ni mama. Ni kama kuambiwa mlangoni kwako ukamuombe ruhusa mwenye nyumba.

Mdogo akafanya ambalo karibu kila mtu angefanya: akamwongeza yaya wake kwenye kundi la watumiaji wa Bureau à distance. Haikusaidia kitu. Toleo la Windows halikuwa na shida. Lilikuwa Pro, na hilo tulikuwa tumeliangalia mwanzo kabisa. (Toleo la Home linaweza kwenda kwa wengine lakini haliwezi kupokea mgeni, kwa hiyo mwenye Home asipoteze jioni yake na sera, atafute programu nyingine kama RustDesk au AnyDesk.) Daftari la matukio safari hii lilionyesha vitu viwili vinavyofuatana. Kwanza 4624, yaani jina na neno la siri vimekubaliwa kwenye mtandao. Mara tu baada yake 4625 yenye msimbo 0xC000015B: aina hii ya kuingia hukupewa. Mashini ilimtambua, ikathibitisha ni yeye, halafu ikamzuia.

Kwa kosa la namna hii sipendi kuzunguka kwenye madirisha. Niliitoa orodha yote ya haki kwenye faili la maandishi kwa amri secedit /export, sehemu ya USER_RIGHTS, nikaifungua kwenye Notepad. Mistari miwili ndiyo ya kutazama. SeRemoteInteractiveLogonRight ni wanaoruhusiwa; humo mlikuwa na S-1-5-32-544, wasimamizi, na S-1-5-32-555, watumiaji wa Bureau à distance. Safi. Mstari wa pili, SeDenyRemoteInteractiveLogonRight, ni wanaokatazwa. Kwenye mashini mpya ya nyumbani mstari huo kwa kawaida hauna mtu. Hapa palikuwa na S-1-5-113.

Namba hiyo haimtaji mtu yeyote. Maana yake ni "kila akaunti ya ndani ya mashini hii", na Windows ilianza kuitumia wakati wa toleo la 8.1. Na katika Windows katazo hushinda ruhusa: umpe mama haki mara mia kupitia makundi mia, mstari mmoja wa katazo unatosha kumfunga.

Nani angeandika jambo la ajabu hivyo? Mtu mwenye akili, aliyekuwa anafanya kazi yake vizuri. Kwenye kampuni wafanyakazi hawaingii kwa akaunti za ndani. Wanaingia kwa akaunti za domeni zinazotunzwa kwenye seva moja. Akaunti ya ndani ipo kwa ajili ya fundi, na mara nyingi neno lake la siri ni moja kwenye mashini zote za ofisi. Mwizi akilipata kwenye mashini moja, anatembea nalo kwa mbali kutoka dawati hadi dawati. Ukizikataza akaunti za ndani zisiingie kwa mbali, matembezi hayo yanaisha na mfanyakazi hahisi chochote. Lakini mashini ikishatoka ofisini ikafika Bel-Air, hakuna domeni tena. Kila akaunti iliyomo ni ya ndani. Sera ileile iliyokuwa inamzuia mwizi sasa inamzuia kila mtu, na aliyeiandika hana habari.

Kabla ya kuifuta nilitaka kujua kitu kimoja, na ningewaomba wanaonunua mashini za maofisi wasikiruke. Je, mashini imeachiliwa kweli? Amri dsregcmd /status inajibu: mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined, inayosema kama mashini bado imeungwa na kampuni, yote ilisema NO, na mama alikuwa na karatasi ya kununulia. Kama mmojawapo ungesema YES ningesimama hapo. Mashini iliyo bado ndani ya domeni husoma upya sera zake kila dakika 90 hivi, na kitu ulichokifuta usiku kinaweza kurudi asubuhi; na isitoshe, huenda mashini hiyo ina mwenyewe anayeitafuta. Hapa katazo lilikuwa limeandikwa kwenye sera ya ndani ya mashini yenyewe. Hapakuwa na mtu wa kulirudisha, wala mtu wa kulitetea.

Kulifuta ni kazi ya dakika moja: fungua secpol.msc, sera za ndani, haki za watumiaji, mstari wa Kifaransa unaoanza na Interdire na kuishia na Bureau à distance, ondoa jina, funga. Mdogo akaingia mara ileile.

Kilichofuata ndicho kilichotuletea ubishi. Mdogo, akishaona mabaki ya kampuni yamejaa ndani ya mashini, alitaka yote yafagiliwe. Iko amri inayojulikana ya secedit inayorudisha sera zote za usalama kwenye hali ya kiwandani kwa faili la defltbase.inf. Mimi nilikataa, nikamwonyesha daftari tulilotoka kulisoma. Windows za nyumbani kwa kawaida huandika kuingia kuliofanikiwa tu. Kushindwa haziandiki mpaka mtu aziamuru. Ile 4625 yenye msimbo, iliyotutoa kwenye habari ya saa ya Kinshasa, ilikuwepo kwa sababu yule fundi wa kampuni aliwasha uandikaji wa majaribio yaliyoshindwa. Bila sera yake tungekuwa bado tunasogeza mishale. Hiyo imebaki. Imebaki pia ile ya kufunga skrini baada ya dakika 15, maana duka la mama lina watu wanaoingia na kutoka. Sera tulizipitia mstari kwa mstari, na nyingi hatukuzigusa.

Mdogo nilimfungulia akaunti yake mwenyewe, ya kawaida, isiyo ya msimamizi, ndani ya kundi la Bureau à distance, na folda ya hesabu wakaishirikiana. Kuna jambo la nyumbani ambalo linasahaulika: Windows hizi zinapokea mtu mmoja kwa wakati. Mdogo akiingia kutoka Kolwezi wakati yaya anatumia, yaya anaulizwa kama anakubali, na asipojibu skrini yake inafungwa. Wakakubaliana ni baada ya chakula cha jioni.

Ilibaki barabara yenyewe, Kolwezi hadi Bel-Air. Nyumbani wanatumia modemu ya 4G, na mdogo alikuwa ameshaanza kutafuta jinsi ya kufungua mlango 3389, ule ambao Bureau à distance hupokelea wageni, kwenye modemu ili aingie moja kwa moja. Tukaangalia anwani ambayo modemu imepewa na kampuni ya simu: ilianza na 100, na namba ya pili ilikuwa kati ya 64 na 127. Kipande hicho cha anwani, 100.64.0.0/10, kilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya makampuni yanayowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ufungue mlango wowote kwenye modemu, hakuna atakayeufikia, kwa sababu anwani inayoonekana duniani siyo ya kwako. Mdogo alisikitika. Mimi nilifurahi. Mwaka 2019 lilitangazwa tundu la usalama la CVE-2019-0708, lile lililoitwa BlueKeep, lililomruhusu mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia huduma hii bila neno la siri kabisa. Na hata bila tundu, mlango 3389 ukiwa wazi kwa dunia hugongwa na roboti usiku na mchana.

Tukaweka programu ya Tailscale kwenye mashini zote mbili. Inajenga njia ya siri kwa kutumia WireGuard, mfumo wa kusimba mawasiliano, kila upande ukitoka wenyewe kwenda nje, kwa hiyo anwani ya pamoja haiizuii. Kichekesho ni kwamba nayo hugawa anwani zinazoanza na 100, kutoka kipande kilekile. Nikaandika ya Tailscale kwenye karatasi na kuibandika chini ya mashini, wasije wakaichanganya na ya modemu. Kwenye ukuta wa moto wa Windows, kanuni ya Bureau à distance ikabanwa ipokee wanaotoka kwenye njia hiyo tu.

Kuhusu moto kukatika, yaani umeme, sina mengi. Mashini ina betri, modemu haina. Kibetri kidogo cha kushikilia modemu kilinunuliwa sokoni. Mashini ikazuiwa isilale ikiwa kwenye chaji, maana aliye Kolwezi hawezi kuiamsha.

Niliulizwa kwa nini sikusimika Windows upya toka mwanzo, mabaki yote yakaondoka kwa mara moja. Siku ya kununua ningefanya hivyo bila kufikiri, na akija na mashini nyingine ya ofisi nitamwambia ailete kabla hajaweka faili hata moja. Lakini sasa ina programu ya hesabu iliyofungwa kwa namba ya mashini, ina faili za wateja, na kupakua Windows nzima kwa forfait (kifurushi) ya simu ni pesa ya kitambaa. Zaidi ya hapo, Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini hii ni ya Windows 10. Prosesa yake iko kwenye orodha inayokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo kazi hiyo inamngoja: mwisho wa msimu wa sare, akiwa na nakala ya hesabu kwenye diski ya nje, na secpol.msc ikifunguliwa tena baada ya kupanda, kwa kuwa kupandisha toleo juu ya lililopo huhama pamoja na sera zake.